Neno la Siri la Priska Chibago

Priska Chibago na Methusela picha zao zilikuwa haziivi, na ofisi nzima ilijua. Methusela alikuwa mkuu wa mipango, mtu mzima wa kuamkiwa. Priska alikuwa hamwamkii. Wakipishana kwenye korido, binti anajifanya anasoma simu. Wenzake walipomwambia, "Dada, shikamoo tu, inakupunguzia nini?" aliwajibu kwamba ya kwake haigawiwi ovyo.

Alikuwa mtoto wa Kongwa, binti wa Mzee Yotham mkulima wa alizeti. Alisoma mambo ya kompyuta, akaajiriwa Dodoma, akajenga Nzuguni, na mitambo yote ya idara ikawa mikononi mwake. Kazi anaijua, hilo hata Methusela hakatai. Tatizo lake mdomo, na roho isiyosahau. Methusela aliwahi kusimama kikaoni akamwita "huyu binti wa kuchomeka nyaya", watu wakacheka, na nafasi yake ya kwenda mafunzo Arusha ikapewa mwingine. Weee! Mtu gani wa kufanyiwa hivyo? Si Priska.

Baadaye Methusela akaomba awekewe VPN, ile njia ya mtandao iliyofichwa ambayo bila hiyo huifikii seva ya wizara, ili aweze kufanya kazi akiwa kwake Miyuji. Priska akamtolea nje. Aliiacha kwenye kompyuta moja tu, ya mezani kwake, na bado akaiwekea sharti: isifunguke kama anayeiendesha kompyuta hiyo yuko mbali. Lazima ukae kwenye kiti, mbele ya kioo. Kikaoni alisema ni usalama. Usalama wapi! Alikuwa anamkomoa mtu mmoja.

Ndipo Mzee Yotham akafariki.

Mfanyakazi akifiwa, ofisi inahamia msibani, ndivyo walivyozoea. Wakakodi basi dogo, wakabeba rambirambi na katoni za maji, wakaja Kongwa asubuhi ya mazishi. Priska aliwaangalia wakishuka mmoja mmoja hadi dereva akafunga mlango. Methusela hakuwamo. Kumbe hata kwa maiti ya baba yangu, alisema moyoni, na hilo nalo akaliweka pamoja na mengine.

Siku hiyo alikuwa na vita nyingine. Baba zake wadogo walitaka Jordan, mdogo wake, ndiye atangulie kutia udongo kaburini, kwa kuwa ni mwanamume. Lakini mzee alikuwa amesema akiwa kitandani, mbele yao wote: "Priska ndiye wa kwanza kuzaliwa, na ndiye atakayeanza kunitilia udongo." Wakaitikia kwa shingo upande. Mazishi yalikuwa saa saba. Priska asipokuwepo wakati huo, jembe atapewa Jordan, na kauli ya mwisho ya mzee itakuwa imekwenda na maji. Baba mdogo Batholomeo alikuwa anaomba Mungu itokee hivyohivyo.

Saa tano simu ikaita. Methusela.

"Bi Priska, majibu ya swali la Bunge yanatakiwa yafike wizarani kabla ya saa saba. Mfumo uko kwenye kompyuta yako. Njoo."

Hata pole hakutoa.

"Leo namzika baba yangu."

"Najua. Basi nipe neno lako la siri, nikae nitume mwenyewe."

"Thubutu!"

"Basi nitamwambia mkurugenzi kwamba majibu yamekwama kwa sababu yako. Chagua."

Kwenda Dodoma na kurudi kungemlia muda wote; angekuta kaburi limeshafukiwa. Priska akachukua laptop yake, akaingia ghala la mahindi, akakaa juu ya gunia na kuwasha bando la simu. Alijua njia. Ataingia kwenye kompyuta ya ofisini akiwa hapohapo Kongwa, atafungua VPN humohumo, atatuma majibu, atatoka kwenda kuzika. Methusela atajua hajui.

Mtandao ulisuasua hadi saa sita ikapita, ndipo kompyuta ya ofisini ikaja kwenye kioo chake, tulivu kabisa. Akabonyeza VPN. Ikakataa: hairuhusiwi kwa mtumiaji aliye mbali. Sharti lake mwenyewe hilo! Akacheka kwa hasira, akaingia kwenye mipangilio, akalitoa.

Nje Batholomeo alikuwa anauliza kwa sauti, makusudi, "Huyo mzaliwa wa kwanza yuko wapi? Yuko kazini?" Watu wakaguna. Moto ukampanda Priska kichwani, akabonyeza haraka.

VPN ikafunguka, na kioo kikaganda.

Mungu wangu. Alijua palepale alichofanya. VPN ile ikishafunguka inachukua mawasiliano yote ya kompyuta na kuyapeleka wizarani, pamoja na uzi uleule aliokuwa ameushikilia yeye kutoka Kongwa. Alitakiwa kwanza auwekee njia ya pembeni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Sasa kompyuta iko wazi kwa wizara na imefungwa kwake, na hata ikizimwa na kuwashwa, bila neno la siri haikubali kitu. Inataka mtu kwenye kiti. Na ofisi nzima iko hapa msibani inakula pilau, isipokuwa mmoja.

Alimpigia. Alijaribu kuweka sauti ya kazi. "Nenda mezani kwangu. VPN iko tayari. Weka neno la siri, utume."

"Nimeshakaa. Nitajie."

Siku ile alipochekwa kikaoni alirudi mezani, akabadilisha neno la siri, na tangu hapo hakuligusa tena. Lilikuwa linampa raha kuliandika. Sasa mlango wa ghala ukafunguliwa, Jordan akachungulia: "Dada, jeneza linatolewa. Baba mdogo anasema hawatakusubiri."

Angeweza kukata simu. Angeweza kusema amelisahau. Aliyafikiria yote mawili, jamani, na kinyongo kikamwambia afadhali apoteze mazishi kuliko hili. Kisha akasikia wimbo wa kanisani ukianza uani.

"Herufi ndogo zote," alisema. "M, e, t, h."

"M, e, t, h," Methusela akarudia.

"U, s, e, l, a."

"Hilo ni jina langu."

"Andika. Halafu u. F. E."

Priska alisikia vidole vikigonga taratibu, kimoja kimoja, mpaka mwisho. *Methusela ufe.* Jordan mlangoni alikuwa amefumba macho.

"Imefunguka," alisema Methusela.

Kwa sauti iliyokufa Priska akamwelekeza abonyeze wapi, na Methusela akafanya bila kuuliza lolote. Mwishoni akasema, "Majibu yamekwenda. Mimi nilibaki ili hao wenzako wapate kuja, kwa sababu mkurugenzi alikataa ofisi ifungwe. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Na hili, unakaa hapa kila asubuhi unaliandika?"

Priska alitaka kudanganya. "Kila asubuhi."

"Basi mimi mzima wa afya. Aliyekufa ni baba yako. Nenda kamzike."

Akakata.

Priska alitoka ghalani, akapasua watu hadi kaburini, akamnyang'anya Batholomeo jembe. Mikono ilimtetemeka vibaya, udongo wote ukamwagikia miguuni mwake na kaburini hata punje haikufika. Akina mama wakasema ni uchungu wa mzazi, wakamshika mabega. Naye akawaacha waamini hivyo.