Siku Shangani Ilipotolewa Msimbati

Kilichotutoa nyumbani ni vitendawili. Tangu likizo ya mwezi wa sita ianze, binti yangu Rukia, mwenye miaka sita, alikuwa akitutegea kuanzia chai ya asubuhi mpaka usingizi umchukue, hata mama yake akaniambia, "Baba Rukia, mpeleke huyu kwa wenzake. Mimi majibu yameniishia." Tukasikia Msimbati kuna tamasha la watoto uwanjani: ngoma, sarakasi, mbio za magunia na mashindano ya vitendawili. Watoto wa mtaani kwetu Shangani wakaunda timu, nami nikajiteua kuwa mlezi wao, kwa kuwa nilikuwa na mfuko wa korosho.

Asubuhi tulipanda pikapu ya jirani yetu Saidi. Kijijini Mtawanya tulisimama kununua maji, na hata kabla ya kuyanywa, wawili walishataka kwenda haja. Mbele ya safari tukaingia kwenye mchanga, mikorosho huku na huku. Rukia akatangaza kwamba watu wa Msimbati leo wataipata.

Msimbati tulipokelewa na Mama Asha, mkulima mcheshi ambaye alivuka mto Ruvuma na wazazi wake akiwa mtoto, wakikimbia vita vya ng'ambo. Alimtazama Rukia juu mpaka chini. "Huyu ntoto huko mjini mnamlisha nini, upepo?" Akatuletea mihogo ya nazi, na timu yangu ikala kama vile nyumbani hakupikwi.

Mchana tamasha likapamba moto. Katika mbio za magunia, nahodha wetu alianguka, akainuka kwa ushujaa mkubwa, akaruka kurudi alikotoka. Tumaini letu likabaki kwenye vitendawili. Mpinzani alikuwa Asha mwenyewe, binti wa mwenyeji wetu, mwenye miaka kumi na sauti ya mnadani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wenzangu huficha mbegu tumboni, mimi nimeining'iniza nje."

Timu ya Shangani ikatazamana huku ikitafuna korosho. Wakasema nazi, wakasema papai, mmoja akasema kuku.

"Nipeni mji!" Asha akadai.

Walimpa Lindi, akakataa. Walimpa Dar es Salaam, akabetua midomo. Ndipo Rukia, aliyekuwa akifa kwa hamu ya kusikia jibu, akapaza sauti: "Chukua Shangani!"

"Nimekwenda Shangani," Asha akasema kwa madaha, "wakubwa wakaniamkia, wadogo wakaniamkia, nyumba zao zote wakanipa. Jibu ni bibo, tunda la mkorosho!"

Rukia, aliyemwacha bibi yake Shangani, akaangua kilio. "Bibi atalala wapi?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Jioni kicheko kiliniisha. Rukia aligoma kupanda gari. "Sio kwetu tena," akasema. Nikamwambia ule ulikuwa mchezo tu. Akaniuliza, kama ni mchezo tu, mbona Asha amepewa kikombe? Saidi akapiga honi. Nikambembeleza Asha aurudishe mji wetu.

"Mji haurudishwi bure," akajibu bingwa, kikombe chake cha plastiki kifuani.

Mama Asha akachuchumaa kati ya watoto wale wawili. "Basi mwachie wa kwao. Chukua nji wangu." Akakitaja kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya mto.

Asha akashtuka. "Mama, huo hujawahi kumpa mtu."

"Leo natoa. Haya, nenda."

Asha akasimama wima. Safari hii hakupaza sauti. "Nimekwenda kwenu, mama. Wakubwa wakaniamkia, wadogo wakaniamkia."

"Wakakupa nini?"

Mtoto akafikiri. "Wakanipa maji ya kunywa. Wakaniuliza, mama yako hajambo?"

Mama Asha akafuta macho kwa pindo la kanga, akampandisha Rukia garini yeye mwenyewe. "Nenda kwenu, mama. Salimia bibi."

Njiani kurudi Rukia alilala mapema. Mimi nilikuwa na huzuni, na aibu kidogo. Nimejifunza kwamba mtoto akilia mchezoni, mtu mzima asikimbilie kucheka. Siku ile mimi nilicheka kwa sauti, na karibu yangu alisimama mtu aliyewahi kuuacha mji wake kweli.