Ndoano ya Helikopta na Kifaransa Changu

Enzi za Zaire, nilijidai najua Kifaransa, nikawa mkalimani wa rubani aliyekuja Kalemie kupandisha nguzo za simu mlimani. Alinieleza mengi kuhusu ndoano inayoning'inia chini ya helikopta. Nikawaambia vibarua wenzangu wa kufunga nguzo, "Anasema tuishike upesi."

Helikopta ikasimama angani juu yetu ufukweni, palipolazwa nguzo, kubwa kama nyumba, upepo wake ukirusha maji ya ziwa hadi usoni mwetu. Nilistaajabu hadi machozi yakanitoka. Nikaishika ndoano. Umeme ukanitupa chini, mkono ukafa ganzi.

Rubani alitua, akanijia akisema kwa ukali.

"Anasema nini?" wenzangu waliuliza.

"Ananipa pole."

Mama Yulita, mpishi wetu, alikuwa ameniletea maji. "Hapana, Papa. Anauliza sababu gani uliishika mbele iguse udongo kwanza na kumwaga umeme wake, na alikukataza mara tatu."