Siku Mtume wa Pwani Aliposilimu Kibokoni

Siku kiongozi wetu wa umisheni aliposilimu pale Kibokoni, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu.

Usikimbilie kunitukana. Wala usishangilie. Soma kwanza.

Naitwa Becky, kwetu Makambako, Tanzania. Nimesomea uuguzi ngazi ya cheti, na kanisa langu lilinituma Mombasa kutumika. Siku ya kuondoka wazee wa kanisa waliniwekea mikono, mama akalia, nami nikapanda basi nikiamini naenda kuona mambo makubwa ya Mungu.

Niliyemkuta kituoni ni Dancan.

Dancan ni kijana wa Nakuru, amenizidi umri kidogo tu, lakini alikuwa anajiita Mtume wa Pwani. Hakuna aliyempa hicho cheo. Alijipa mwenyewe, akakichapisha kwenye fulana.

Kituo chetu kilikuwa chumba cha kupanga Makadara, juu ya duka la vitambaa. Kazi yetu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba Mji wa Kale, kuwapima wazee presha na sukari, bure.

Nilipima mimi. Dancan alishika simu ya huduma.

Jamaa hakujua hata kufunga kile kitambaa cha mashine kwenye mkono wa mtu, ila alijua mwanga mzuri unaingilia dirisha gani. Alijirekodi akishuka kwenye tuktuk. Halafu anarudi, anashuka tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuonekana mnyenyekevu vya kutosha.

Mimi nilikuwa namwangalia na kumuuliza Mungu kimoyomoyo kama kweli tunafanya kazi kwa bosi mmoja.

Basi bwana, nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bimdogo, Kibokoni. Mjane mmoja mtafuna tambuu, mkali, anayeweza kukusema mpaka jinsi ulivyovua viatu mlangoni, kisha akakulisha mahamri mpaka ushindwe kuinuka. Alimlea mjukuu wake Lamis tangu binti huyo afiwe na mama, na sasa Lamis alikuwa anaolewa na Riyadh, kijana wa Makadara. Nyumba nzima ilikuwa inanukia udi na mipango ya harusi.

Siku hiyo nilimpima Bimdogo, presha ikawa juu kidogo. Dancan akaiegemeza simu kwenye birika la chai. Mimi nikadhani ameiweka tu.

"Bibi, naomba nikuombee."

"Niombee, baba. Nani akatae kuombewa afya?"

Dancan akaanza. Aliomba kwa kelele utadhani Mungu ana matatizo ya masikio. Akaomba magoti yapone, presha ishuke, Lamis aolewe kwa heri. Bimdogo akakunjua viganja mbele ya kifua, akafumba macho, na kila Dancan alipovuta pumzi yeye aliitikia, "Amin." Mwishoni akajipangusa uso kwa mikono yake.

Mtu yeyote aliyekaa Mji wa Kale hata wiki moja anajua kwamba hiyo ni adabu. Ukiombewa heri, unakunjua mikono, unaitikia. Humuulizi anayekuombea anasali wapi.

Dancan alikuwa amekaa pale miaka. Hakujifunza chochote.

Siku chache baadaye nakwenda kupima presha, nakutana mlangoni na Fahmi, kaka yake Lamis. Hakunisalimu. Alinipa simu yake tu.

Nikaona video. Bimdogo, mikono imekunjuliwa, chozi linamtoka. Juu yake maandishi makubwa: BIBI WA KIISLAMU MOMBASA AKATA SHAURI, ALIA MACHOZI YA WOKOVU.

Yale machozi ni ya jicho lake la kushoto. Linatiririka tangu afanyiwe upasuaji. Nilimweleza Dancan mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

"Mamake Riyadh ashaiona," Fahmi akasema. "Ametuma watu. Asema nikaha ingoje mpaka ijulikane. Hawezi kuoza mwanawe kwenye nyumba iliyotoka kwenye dini."

 Ndani nilimsikia Lamis analia, kilio kile cha mtu aliyejifunika mto asisikike.

Nilirudi Makadara mbio. Dancan alikuwa kitandani, anasoma pongezi za watu.

"Dancan, toa ile video. Halafu twende ukaseme ukweli. Harusi ya mtoto wa watu inavunjika."

Hakuinua hata macho. "Hayo ndiyo mateso ya watakatifu, Becky. Bibi ameanza kuyaonja."

"Mtakatifu gani? Bibi hajaokoka."

"Mikono aliinua?"

"Aliinua."

"Amin alisema?"

"Alisema, lakini..."

"Basi. Mbinguni wameshasherehekea, wewe unaleta habari za harusi. Wafadhili wetu wameandika kwamba wamelia."

Nilimdharau. Nasema wazi. Nimewahi kukutana na wezi wa kuku Makambako wenye haya kuliko yule mtu.

Kesho yake nilikwenda kwa Bimdogo peke yangu. Nilitegemea nitafukuzwa, na ningeondoka bila kinyongo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa. Nikamweleza yote, hata yale maswali mawili ya mikono na Amin.

Aliisogeza tambuu yake shavuni.

"Miye nimezawa mtaa huu," akasema. "Sasa nikipita watu wanyamaza. Hilo nitalibeba. Lakini huyu mtoto kosa lake ni lipi? Nguo zake za harusi azirudisha sandukuni kwa mkono wake mwenyewe."

Akanimiminia chai.

"Ijumaa nna hitima, twamsomea marehemu bwanangu Kurani. Mwambie mwenzako nimemwalika. Aje ale pilau."

"Bibi, baada ya aliyokufanyia?"

"Si aliniombea dua? Nasi tutamwombea."

Nilipompa Dancan mwaliko, karibu aruke. Kwake ngome ilikuwa imeanguka. Alinunua kofia Makadara, akaazima kanzu iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Eti ili awafikie. Akanikabidhi simu ya huduma mwenyewe.

"Piga video kila kitu. Hasa mimi nikiwa katikati yao."

"Sawa, Mtume," nikasema.

Ijumaa wanaume walikaa kwenye mikeka ukumbini, wanawake tulikuwa ndani nyuma ya pazia. Mimi nilisimama penye pazia na simu, nikabonyeza, nikamwelekezea Dancan. Nyuma yangu, karibu na Bimdogo, alikaa Mwanakhamis, mamake Riyadh. Alialikwa naye. Alikuja na uso wa mtu ambaye hakukusudia kukaa sana.

Kisomo kikasomwa. Kisha mwalimu Abdulbasit, aliyeongoza kisomo, akaomba dua. Akamwombea marehemu. Akawaombea wagonjwa na wasafiri. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, kila mtu asikie:

"Na huyu mgeni wetu Dancan, Mola amwongoze, akifungue kifua chake kwa Uislamu, amjaalie mwisho mwema."

"Amin," ukumbi mzima.

Na Dancan, macho kayafumba, mikono kaipandisha mpaka karibu na feni, akaitikia kwa sauti kuliko wote. Sidhani alikuwa anasikiliza. Huyu bwana hajawahi kusikiliza ombi la mtu mwingine tangu azaliwe.

Pilau likaletwa. Akala vizuri, akajipangusa mdomo. Hapo Fahmi akamgeukia.

"Kaka Dancan, hongera."

"Ya nini?"

"Ya kusilimu."

Dancan akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mikono uliinua?" Fahmi akamuuliza.

"Niliinua, lakini..."

"Amin ulisema?"

Akageuka, akanitazama mimi.

"Basi. Na Becky pale yuna simu. Jioni twaipandisha: Mtume wa Pwani akata shauri Kibokoni. Na wafadhili wako twawapelekea, nao wapate kulia."

Nilimwona Dancan anageuka rangi. Akaruka juu, kanzu ikamkwama kwenye magoti.

"Jameni, hiyo si haki. Kuinua mikono si kubadili dini! Mtu ukiombewa kwa watu unaitikia kwa heshima ya nyumba. Ni adabu tu. Hata mtoto anajua hivyo!"



Nyuma yangu sauti ya Bimdogo ikatoka, tulivu kabisa.

"Sema tena, baba. Huku ndani hatukusikia vyema."

Na yule mjinga akasema tena. Kwa nguvu zaidi. "Kuitikia Amin si kubadili dini! Ni adabu!"

Bimdogo akamgeukia Mwanakhamis. "Umesikia, mwenzangu? Kwa kinywa chake."

Mwanakhamis alijitengeneza buibui. 

"Huyu mke wa mwanangu," akasema hatimaye, "mbona hajaja kuniamkia?"

Lamis alitoka chumbani macho yamevimba, akambusu mkono. Nikalia mimi. Machozi ya kweli hayo, na hakuna aliyeyarekodi.

Huku ukumbini Dancan alikuwa amenyoosha mkono kwangu. "Becky, lete simu. Futa hiyo kitu."

"Futa ile ya Bimdogo kwanza," nikasema. "Mbele ya watu. Na uandike kwamba ulidanganya."

Nikampa simu, akaandika, Fahmi anasoma begani kwake neno kwa neno. Video ya Bimdogo ikatoka. Kisha akaanza kuitafuta ya kwake ili aifute.

Akatafuta. Akarudi mwanzo. Akatafuta tena.

Haikuwepo.

Fahmi akachungulia kioo, akasoma kwa sauti: "Nafasi imejaa. Video haikuhifadhiwa."

Wallahi, kama wasemavyo wenyeji wangu, hata mimi sikujua. Simu ilikuwa imejaa. Imejaa Dancan akishuka kwenye tuktuk, Dancan akimkumbatia kipofu, Dancan akitazama mbali kwa uchungu wa roho zinazopotea. Hapakuwa na nafasi hata ya Amin moja. Mtume wa Pwani alikuwa amekiri mbele ya mtaa mzima kwa kuogopa video ambayo haipo.

Mwalimu Abdulbasit mwenyewe aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya mkeka. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Dancan aliondoka Mombasa kabla ya harusi. Kule kwao anahadithia kwamba Kibokoni ni ngome ya giza na kwamba alitoroka na roho yake. Nasikia amechapisha fulana mpya.

Mimi niliomba nibaki. Bado napima presha. Wa nyumbani wakipiga simu huniuliza nimeshaokoa wangapi, nami nawaambia waniombee niwe mtu wa kuaminika kwanza. Imani yangu haikufia Kibokoni. Iliyokufa ni ile ya kuhitaji mashahidi.

Ukitaka kujua mtumishi wako anamtangaza Mungu au anajitangaza mwenyewe, usihangaike kuuliza mafundisho yake. Mnyang'anye simu, umwache na mgonjwa chumbani, halafu uone kama ataomba.

Lamis na Riyadh walifunga nikaha. Mwalimu akawaombea dua, nami nikakunjua mikono yangu pamoja na wanawake wa Kibokoni, nikaitikia Amin kwa moyo wangu wote.

Bimdogo akanichungulia kwa lile jicho lake linalotoka machozi, akanisogezea sahani.