Vibanio vya Nondo wa Tassia

Nondo wa kwanza nilimtoa ukutani asubuhi kwa kifuniko cha kalamu, mama yangu akiwa amesimama nyuma yangu na ufagio. Tuliishi ghorofa ya nne, mtaa wa Tassia, na taa ya ngazi ilikuwa haizimwi, kwa hiyo kila kukicha wadudu walikuwa wamejibandika ukutani chini yake. Mama alikuwa karani wa reli. Alipostaafu alijipa kazi ya kufagia ngazi nzima, kwa kuwa hakuridhika na ufagiaji wa mtu mwingine yeyote.

"Kazini unashika wadudu, nyumbani unashika wadudu," alisema. "Wenzako wanashika wachumba."

Ninafanya kazi mjini, mahali panapohifadhiwa wadudu waliokaushwa. Nawachoma pini, nawanyoosha mabawa, nawaandikia lebo. Yule nondo alikuwa wa kijivu, mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na mistari miwili ya hudhurungi mabawani. Nilimpelekea mkubwa wangu wa kazi, mzee ambaye huwavumilia wadudu kuliko anavyowavumilia watu. Alimtazama kidogo tu.

"Huyu tunamjua. Mweke kwenye jenasi ile ya zamani, twende tukale."

Jenasi ni kama ukoo: spishi zilizo karibu huwekwa pamoja chini ya jina moja. Na kwa mabawa, mzee hakuwa amekosea. Shida ni kwamba mabawa ya nondo hudanganya. Wawili wasiohusiana kabisa wanaweza kuvaa nguo moja. Ukitaka kujua ukweli unamkata nondo tumbo, unaliloweka kwenye dawa kali inayoyeyusha nyama na kuacha gamba gumu, kisha unaangalia viungo vya uzazi chini ya hadubini. Ndivyo mimi, binti wa mzee wa kanisa, nilivyokuwa nikijipatia mkate wangu: kwa kuchungulia sehemu za siri. Mama alidhani kazi yangu ni kuandika lebo, nami sikuona haja ya kumsumbua.

Siri hiyo ingekaa salama kama maabara yetu isingepakwa rangi. Tulipewa wiki tatu za kukaa nyumbani, nami nikaruhusiwa kuondoka na hadubini ya zamani. Niliiweka juu ya meza ya kulia, karibu na dirisha, nikaanza kuwapasua nondo wa ngazi. Vichupa vya dawa nilivipasha kwa maji ya moto ndani ya sufuria ndogo ya chai. Mama aliuliza nachemsha nini. Nikamwambia, "Sampuli." Lilikuwa jibu la kweli, na chai tuliendelea kunywa kutoka sufuria nyingine.

Dume wa kwanza alinikera. Mwishoni mwa tumbo lake, dume wa nondo ana vibanio viwili, kushoto na kulia, vya kumshikia jike. Katika ile jenasi ya zamani vibanio hivyo hufanana kama viatu vya jozi moja. Vya huyu, cha kushoto kilikuwa kifupi na butu, cha kulia kirefu kilichopinda kama ndoana. Nikajua nimevibonyeza vibaya nilipokuwa nafunika kioo cha hadubini. Nikakitupa. Wa pili akatoka vilevile, naye nikamtupa, nikiilaumu mikono yangu. Wengine watano niliwaweka kwa shingo upande, nikiapa kujirekebisha.

Madume yakaniishia. Jioni moja nilikuwa chini kwa mama mboga, akinikatia sukuma wiki, simu ikalia. Alikuwa mwenzangu wa kazini, akitaka kujua nimefika wapi.

"Nimekwama," nikamwambia. "Nahitaji madume. Hapa Tassia nimewamaliza. Labda nitafute wa Kariobangi, nasikia huko wamejaa." Nikasikiliza kidogo. "Hapana, hawasikii maumivu, nawazimisha kwanza kwa dawa. Halafu nakata tumbo, natoa sehemu za siri, naziweka kwenye kichupa. Ninazo tano nyumbani, lakini zote zimepinda."

Kisu cha mama mboga kilisimama katikati ya sukuma. Nilichukua mfuko wangu, nikamtakia jioni njema, nikapanda ngazi bila kuelewa lolote.

Nilianza kuelewa kesho yake. Kulikuwa na kijana wa ghorofa ya pili ambaye tangu tuhamie hapo hakuwahi kunipita bila kusema, "Niaje, msupa, utanipa namba lini?" Asubuhi hiyo alijibandika ukutani, akafunika zipu yake kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo." Miaka yetu haipishani hata mitatu. Nikaitikia "Marahaba," na nakiri kwamba niliifurahia.

Keateka, mwangalizi wa ploti yetu, alikuja kusoma mita ya maji akiwa amesimama nje ya mlango. Halafu Jumamosi, saa tisa alasiri, wakaja akina mama wa ushirika wa kanisa, sita, na Biblia zao, nyuso zimekunjamana kama za watu wanaokwenda matanga. Nyuma yao aliingia jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Mombasa, fundi wa sare za shule huko Kariobangi.

"Mie sikuja kuomba," alisema akivua viatu. "Nimekuja kuona."

Mama aliwaletea chai. Mwenyekiti wao hakuigusa. Alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti yetu, mwanamume akikuumiza, kuna njia za kusema. Kuna wachungaji. Kuna hata polisi. Lakini hilo unalofanya..." Akaangalia vichupa vilivyokuwa dirishani, akafumba macho.

"Ninafanya nini, mama?"

"Hizo tano," akanong'ona. "Zilizopinda."

Ndipo nikaikumbuka ile simu. Nilicheka hadi nikapaliwa, jambo ambalo halikunisaidia, maana wawili kati yao walianza kukemea pepo. Mama alikuwa amesimama na birika mkononi, uso umemwiva. Ikabidi niseme yote: kwamba ni nondo, wale wa ngazini, kwamba madume ni ya nondo, na hizo sehemu ni za nondo.

Kisha mama akauliza polepole, "Na hayo ndiyo uliyosomea chuo kikuu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile sufuria yangu?"

Fundi wa sare aliniokoa. "Basi tuonyeshe," alisema, akiivuta hadubini kwake kana kwamba ni cherehani.

Walipanga foleni. Mwenyekiti alitazama kwa jicho moja, akaruka nyuma, akarudi tena akasema alikuwa hajaona vizuri. Mwingine alisema Mungu ni mkuu. Mmoja aliuliza kama vya mende pia viko hivyo, na wenzake wakamtupia macho. Lakini fundi, zamu yake ilipofika, hakutoka. Alibadilisha kioo cha kwanza, akaweka cha pili, hadi akamaliza vyote vitano.

"Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "hiki cha kushoto mbona kifupi?"

"Ni mimi, shangazi. Nimekibonyeza vibaya. Mikono yangu mizito."

"Vyote vitano?"

"Vyote."

"Upande uleule?"

Nikavihesabu vile vioo kwa kidole.

"Mie nimeshona sare miaka thelathini," alisema. "Nimefundisha wasichana wenye mikono mizito kuliko yako. Mtu akikosea mkono wa shati, leo anakosea huku, kesho kule. Wakiniletea mashati matano yenye kosa mahali palepale, simgombezi mshonaji. Natafuta pateni waliyokatia kitambaa." Akanigeukia. "Na jike je? Mlango wake uko katikati, ama uko kando?"

"Dada!" mwenyekiti akasema.

"Mie nauliza mdudu."

Nilikuwa na majike matatu ambayo sikuwa nimeyafungua, kwa sababu hasira zangu zilikuwa kwa madume. Nilimloweka mmoja palepale, mbele yao, kwenye sufuria ya mama, na nondo akilowekwa hana haraka. Chai ilinywewa, mandazi yakaisha, wimbo mmoja ukaimbwa. Hatimaye nikamweka chini ya hadubini. Mlango wa jike ulikuwa kando, umesogea upande mmoja, na karibu nao palikuwa na kijishimo ambacho ile ndoana ya dume ingeingia barabara.

Hakuna nondo wa jenasi ile ya zamani mwenye kitu kama hicho. Na mimi nilikuwa nimewatupa wawili kwenye pipa la taka. Ninaandika haya kwa aibu: niliuona ukweli mara saba, na mara zote nilidhani ni uzembe wangu.

Kuanzia siku hiyo sikukosa madume tena. Akina mama walikagua kuta za Dandora, Kariobangi na Tassia kila asubuhi, wakaniletea wadudu ndani ya viberiti na mikebe ya siagi. Walileta nondo, walileta nzi, na mmoja alileta jani kavu akiwa na uhakika kabisa. Mama mboga alinitumia mkebe na maneno kwamba amenipatia dume wa Kariobangi kama nilivyoomba, na tusahau yaliyopita. Alikuwa jike, lakini nilimshukuru.

Maabara ilipofunguliwa niliweka vioo kumi na moja mbele ya mkubwa wangu. Alitazama viwili.

"Umevibonyeza."

"Vyote, upande uleule?"

Alisema atakata mwenyewe. Alikata watatu, kwa mikono yake maarufu ambayo haijawahi kubonyeza kitu, na wote wakatoka na ndoana kulia na kile kifupi kushoto. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nani alikuonyesha?"

"Fundi wa sare."

Alidhani ni mzaha, na sikumkatalia hadi siku tulipoandika shukrani za makala.

Kuandika kwenyewe kulichukua zaidi ya mwaka. Tuliomba picha za nondo waliohifadhiwa nchi za nje, tukapima kila kibanio, tukaeleza jike na dume tangu papasio hadi mkia. Mabawa tuliyapa aya moja, viungo vya uzazi kurasa nne. Wakaguzi wa jarida walibisha kuhusu kila kitu isipokuwa ile ndoana. Jenasi ikawa mpya. Nilitaka kuipa jina la jirani yangu, lakini alikataa katakata.

"Jina langu likae kwenye utupu wa mdudu? Marehemu mume wangu angesemaje?"

Tukatumia neno la Kilatini lenye maana ya mwanamke mshonaji. Hilo alilikubali, kwa sharti kwamba watu wa Kariobangi wasitafsiriwe.

Makala ilipotoka, mchungaji wa mama aliniita mbele Jumapili nieleze ugunduzi huo. Kanisa lilijaa. Mama alikuwa kiti cha mbele, amevaa kofia. Nilieleza mabawa, nikaeleza mistari ya hudhurungi, na mchungaji akauliza, kwa nia njema kabisa, "Na tofauti hasa iko wapi, binti yetu?" Safu nzima ya ushirika wa akina mama ilitoa leso kwa pamoja.

"Iko," nikasema, "kwenye maungo ya ndoa, mchungaji."

"Amina," akasema, kwa mazoea.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na lango la ploti mama alipunguza mwendo.

"Dume wako huyo," akasema, "na jike wa ile jenasi ya zamani, wakikutana?"

"Hawawezi, mama. Ndoana yake haina pa kushika."

"Hata wakijaribu?"

"Hata wakijaribu."

Alisimama, akajishikilia ukuta, akacheka hadi kofia ikamteleza. Kisha akajifuta macho.

"Ndiyo maana," alisema, akapita langoni, na hadi leo amekataa kuniambia alikuwa akiikumbuka ndoa ya nani.