Tatu Chilumba na Feni Iliyonuna

Hapa Mtawanya, huku kusini, hakuna asiyemjua Tatu Chilumba, na wasiomjua kwa sura wanamjua kwa kazi. Feni za msikitini, feni za ukumbi wa harusi, pampu za maji: zikigoma, anaitwa yeye. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, si msemaji, na hafungui sanduku lake la vifaa mpaka amesikiliza kwanza mashine inalalamika nini. Ufundi huo hakuuokota njiani. Baba yake, marehemu Kassimu Chilumba, alitunza feni kubwa za kiwanda cha kubangua korosho kwa miaka ishirini na miwili, na siku kiwanda kilipofungwa hakuna aliyeweza kusema kwamba hata skrubu moja ilipotelea mkononi mwake. Katika mji ambao watu wanajuana, urithi huo unazidi shamba.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi, katibu wa chama kimoja cha ushirika, Bwana Ramadhani, alimwita. Chama kilikuwa na ghala kando ya barabara iendayo Madimba, na ubavuni mwa ghala chumba chenye kompyuta sita. Siku hizi korosho hazinadiwi kwa kupaza sauti. Mnada hupita mtandaoni, na wanunuzi wako mbali. Chumba kile kilikuwa cha bati bila dari. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa mara mbili, kwa chumvi ya hewa ya bahari na kwa umeme unaopanda na kushuka. Ikifika saa tano kompyuta zinachemka, na ikifika saa sita zinajizima zenyewe. Mnada wa kwanza ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wakulima wa vijiji saba walikuwa wameshaleta mzigo wao.

Tatu alisema dawa yake anayo. Dawa yenyewe ilikuwa feni ya baba yake, moja ya zile za kiwandani, yenye mapanga ya chuma na upana wa meza ya kulia chakula. Mzee Kassimu aliinunua kwenye chuma chakavu akaifufua, na tangu afariki ilikuwa imefunikwa turubai stoo. Mama yake Tatu, Bi Mwanaidi, mwalimu mstaafu, hakumkataza. Alimwambia tu kwamba akiitoa nje feni ile, ajue na jina la baba yake limetoka nayo.

Ikafungwa kwenye mlango wa kuingilia ghalani, uso ukielekea kompyuta, kwani kila mwenye joto hukaa mbele ya feni. Ilipowashwa, karatasi zote za mezani zikaruka hadi uani, na kofia ya katibu ikafuata. Mkuu wa wapakiaji, Zeferino, ambaye babu yake alihamia huku kutoka ng'ambo ya Ruvuma, aliiokota akairudisha kwa adabu.

"Kofia hii hapa, katibu. Shika kichwa sasa."

Watu walicheka, lakini kompyuta zilipoa. Siku mbili nzima hakuna iliyojizima, na Tatu akapita sokoni akisalimiwa kwa heshima kushoto na kulia. Siku ya tatu karani wa kompyuta, Dalila, akampigia simu asubuhi: moja imezima na haitaki kuwaka. Hadi adhuhuri zilikuwa nne. Tatu akafungua ya kwanza, akaona aibu yake kwa macho. Ndani kulikuwa kumeshindiliwa vumbi na nyuzi za magunia kama sufi ndani ya mto. Kutwa nzima magunia yalikuwa yakitupwa ghalani, na kutwa nzima feni ilikuwa ikiyachota yale manyoya na kuyasukumiza ndani ya kompyuta. Mnada ulikuwa umebakiza siku tatu.

Katibu hakumgombeza. Alisema kwa upole jambo lililouma zaidi: kwamba labda mashine ya marehemu ilifaa moshi wa korosho tu, si vitu vya kisasa, na kwamba huenda akatafuta fundi mwingine. Nje, wapakiaji walikuwa wamekwisha kupata msemo wa wiki, kwamba kompyuta zimekula magunia. Na mzee mmoja kwenye foleni alisema, wala hakusema kwa ubaya, kwamba kumbe upepo wa Chilumba nao unaweza kuzima mnada. Hilo ndilo Tatu alilorudi nalo nyumbani. Kazi moja ikiharibika, fundi hupata nyingine. Lakini jina lile lilijengwa na mtu ambaye hayupo tena kulitetea.

Bi Mwanaidi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Umekosea mbele za watu au ndani?"

"Mbele za watu, mama."

"Basi usiende kurekebisha kwa kujificha. Kosa la barazani haliombewi radhi uani."

Kesho yake Tatu alisimama uani pa ghala, wakulima na wapakiaji wakiwapo, akawaambia kwamba kosa ni lake. Feni haina kosa, wala aliyeitengeneza hana; yeye ndiye aliyeiweka vibaya. Akaomba muda hadi Ijumaa kabla ya swala. Katibu, ambaye hakutegemea kuona fundi akijishitaki, akakubali.

Ukweli ni kwamba Tatu alikuwa bado hajajua iwekwe wapi. Aliishusha, akaiegemeza ukutani uso ukitazama ukuta, kisha yeye na Dalila wakakaa chini kusafisha kompyuta moja moja kwa brashi. Zote zikakubali kuwaka, lakini joto lilikuwa palepale. Zeferino akapita na watu wake, akachungulia.

"Dada Tatu, naona feni imenuna. Imekupa mgongo kama mke wangu nikirudi bila samaki."

Wenzake wakacheka. Dalila akacheka. Brashi ya Tatu ikasimama.

Imenuna. Kule kiwandani, feni za ukutani ziliitwa wanunaji, kwa sababu ziliwapa mgongo wanawake waliokuwa wakibangua na kuutazama uwanja. Tatu alipokuwa mtoto, akimpelekea baba yake chakula, alikuwa akisimama nyuma ya feni hizo akingoja upepo wa usoni, na upepo haukuja. Lakini moshi mkali wa maganda uliondoka, na hewa safi ikaingia yenyewe milangoni bila kuitwa. Baba yake hakuwahi kumpepea mtu. Kazi yake ilikuwa kufukuza joto. Naye binti yake, aliyeyaona hayo kwa macho, alikuwa ameigeuza feni kuwa upepeo wa kumpepea bibi harusi.

Alinyanyuka bila kueleza, akamwomba Zeferino na watu wake walete nyundo. Wakatoboa tundu juu ya ukuta wa nyuma, pale joto linapojikusanya chini ya bati, wakaifunga feni uso nje. Mlango wa ghalani ukafungwa, nyufa zake zikazibwa kwa mpira zisipitishe vumbi. Madirisha mawili ya upande wa mikorosho yakavikwa chandarua kilichokunjwa mara mbili, ili kila hewa inayoingia ichujwe. Mwisho akazigeuza meza, migongo ya kompyuta ikaelekea kwenye feni.

Ijumaa kabla ya adhana katibu alikuja, akasimama katikati ya chumba kofia ameishika mkononi. Feni ikawashwa. Karatasi hazikutikisika.

"Mbona haipulizi?"

"Haipulizi, katibu. Inafukuza."

Vyandarua vya madirishani vilivimba kwa ndani kama mashavu ya mpiga zumari. Katibu akaweka kiganja kwenye kompyuta ya kwanza, akakiacha pale muda mrefu, akaenda ya pili, hadi ya sita. Kisha akavaa kofia yake akaenda kuswali, na simu ya kumwita fundi mwingine hakuipiga.

Jumamosi mchanga wa uani uliwaka hata watu wakashindwa kusimama peku. Mnada ulianza saa nne na kumalizika alasiri, na hakuna hata kompyuta moja iliyojizima. Zeferino alimweleza kila aliyetaka kusikia kwamba yeye ndiye aliyeishauri feni inune.

Wiki iliyofuata chama cha jirani kiliomba maelezo ili nacho kifanye vilevile. Katibu akaandaa barua, akamsomea Tatu kwa fahari. Zile siku tatu za feni mlangoni alikuwa ameziruka, akasema amefanya hivyo ili kumsitiri.

"Ziandike," Tatu akasema. "Wakiiweka mlangoni kama nilivyoiweka mimi, wataua kompyuta zao. Andika nilivyokosea, halafu andika nilivyorekebisha."

Dalila akaandika. Tatu akaipokea karatasi, akaisoma mwenyewe hadi chini, akaweka kidole mahali palipoandikwa Fundi Tatu Kilumba.

Katibu, mtu wa Tanga, alieleza kwamba ameliweka jina katika Kiswahili sanifu, ile "chi" ya kusini akaifanya "ki".

"Sanifu nimefundishwa na mama yangu, na yeye ameifundisha miaka thelathini," Tatu akamjibu. "Hakuwahi kumwita mumewe Kilumba."

Barua ikachapwa upya. Tatu alisimama palepale mpaka ikatoka, akaisoma tena tangu tarehe hadi jina, ndipo akairudisha ikapigwe muhuri.