Mkono wa Nareyu Ukutani

Kule Engaresero, kijiji cha wafugaji kando ya ziwa, mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, mtu mzima akamgusa utosini. Ndiyo salamu yenyewe. Nareyu alikaa muda mrefu bila kuipata.

Alikuwa ameugua akili. Usingizi ulimkimbia, akawa anashinda ziwani akibishana na maji. Wazee wakasema ni laana ya ukoo, walokole wakasema mapepo. Mumewe Supeet hakubishana na mtu. Alimpeleka hospitali Karatu, akamngoja huko mpaka akapata nafuu. Hilo Nareyu hajalisahau; hata leo chai ya kwanza humimina ya Supeet.

Lakini aliporudi, akina mama waliwavuta watoto wao. Waliogopa mkono wake. Alikuwa mzima, ila hakuna kichwa kilichomwinamia.

Siku moja alifuata vidonge vyake zahanati, akamkuta Felisiani, mchoraji kutoka Karatu, akipamba ukuta. Alikuwa amechora mtu wa nywele timutimu, matambara mwilini, kopo mkononi.

"Fundi, huyu nani?"

"Mgonjwa wa akili, mama."

"Mbona hana shanga?"

Felisiani akacheka. "Chizi na shanga wapi na wapi?"

"Mimi nilipougua nilizivaa zote. Na mbuzi nilikamua."

Kicheko kikakatika. Felisiani akashusha brashi. "Nisamehe, mama. Huyu nimemchora kwa mazoea tu, kila mtu humchora hivi." Akachovya rangi nyeupe, akamfuta yule mtu. "Kaa hapo nikuchore wewe. Mkononi nikuwekee nini?"

Nareyu alifikiri. "Kichwa cha mtoto."

Mtoto wa kutazama hakuwepo, fundi akabuni. Masikio yakatoka makubwa kama ya punda.

Jioni watu walijaa pale ukutani. Kakenya, jirani aliyekuwa wa kwanza kumvuta mwanawe, alitazama picha, akaangua kicheko. "Jamani, haya si ndiyo masikio ya Nasieku wangu!"

"Yeyo, mimi sina masikio hayo!" mtoto akamlalamikia mama yake.

"Unayo. Na hapo ukutani umeshasalimia, huku chini unangoja nini? Nenda."

Nasieku akaenda, akainama. Nareyu akanyoosha mkono. Ukatulia juu ya nywele zile fupi zenye joto la jua, na mwenyewe hakuwa na haraka ya kuuondoa.

"Ashe," alisema. Asante. Nasieku akashangaa, maana kwenye salamu hiyo hakuna anayeshukuru.