Nembo ya Mkurugenzi

Ofisi nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, maana ndiye aliyesikiliza vilio vya wote. Alikuwa katibu wa mkurugenzi mmoja mshuku, tena mshuku kweli kweli. Bwana huyu aliamuru nembo ya ofisi ikae ndani ya kompyuta yake peke yake, na kila barua iivute humo kupitia mtandao wa ofisi, asije akatokea mjanja wa kuandika barua bila yeye kujua.

Siku moja, akiwa semina mji wa mbali, makao makuu yakampandisha cheo. Ahamie huko, ila athibitishe kwa barua yenye nembo kabla ya jioni. Ofisini watu walikumbatiana! Mhasibu alitokwa na machozi. Shangazi, aliyenyimwa hata likizo ya kumuuguza mama yake, alikimbilia kiti amchapie barua hiyo.

Kompyuta ikaganda. Kiduara kikatokea, kikazunguka, kikazunguka weee. Akazima, akawasha: kiduara kile kile.

Fundi wa kompyuta akaja, akaguna. "Inatafuta nembo kwa mkubwa. Mashine yake imezimwa, na hii nayo king'ang'anizi, inasubiri tu ijibiwe. Twende tukaiwashe."

Tukaiwashe wapi? Mlango umefungwa, na ufunguo wa pekee uko mfukoni mwa mwenyewe. Shangazi akampigia simu.

"Mzee, turuhusu tuvunje kitasa. Barua yako ya cheo imekwama."

"Ahaa! Mmesikia napanda, mnataka kunichimba. Nani yuko hapo na wewe?"

"Fundi tu, mzee. Chonde, nakuomba! Hakuna anayetaka upande kuliko mimi."

Haki ya Mungu, hajawahi kumwambia neno la kweli kama hilo.

"Mlango usiguswe!" Akakata simu.

Jioni ikaingia, kiduara bado kinazunguka. Cheo akapewa mwingine.

Mkurugenzi aliporudi, aliwasha mashine yake, na papo hapo kompyuta ya Shangazi ikazinduka. Barua ikafunguka, nembo hiyooo, inang'aa.

"Umeona?" akasema kwa kujidai. "Nikiwepo mambo yanakwenda. Basi semina sitaki tena, cheo sitaki, likizo sitaki. Sibanduki hapa mpaka nistaafu."

Shangazi alijaribu kujizuia, wapi! Akaangua kilio mbele yake.

Mkurugenzi akaguswa. Akampigapiga begani.

"Usilie, Shangazi. Sitawaacha."